Kitambaa cha Safu ya Nyuma

Mtu ninayeandika habari zake hapa hakusomea muziki. Hajui kupiga chombo chochote, na akianza kuimba bafuni mke wake humwomba afungue bomba zaidi. Hata hivyo, kwa miaka ishirini na nne amekuwa meneja wa mwimbaji mmoja na mwandaaji wa matamasha yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ameifanya akiwa ameketi. Watu wote humwita Meneja, hata muuza vitunguu wa mtaani, hata wajukuu zake mwenyewe.

Alianza na viti. Alipokuwa na umri wa miaka thelathini alikuwa akikodisha viti vya chuma kwa ajili ya arusi na mikutano, na siku moja alipeleka viti mia mbili katika ukumbi ulio nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako onyesho la muziki lilikuwa lianze saa tisa alasiri. Saa tisa ikafika, watu wakaketi, mwimbaji mkuu hakuonekana. Mwandaaji wa onyesho alipopata habari kwamba mwimbaji huyo hatakuja, aliingia chooni na kutokea dirishani.

"Ningefanya nini?" Meneja huuliza kila anaposimulia. "Viti vyangu vilikuwa chini ya watu. Ningewaambia wainuke mmoja mmoja?"

Akapanda jukwaani, akawauliza wanamuziki ni nani anayeweza kuimba. Msichana mmoja, mwitikiaji, akainua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Alikuwa na sauti nzuri lakini hakujua kama ingefika mbali, kwa sababu siku zote alikuwa akiimba nyuma ya mtu mwingine.

"Wewe imba," Meneja akamwambia. "Mimi nitakaa safu ya mwisho kabisa. Nikikusikia sawasawa nitainua kitambaa changu. Usipokiona, ongeza."

Kitambaa kilikuwa cheupe, cha kufutia jasho. Katika wimbo wa kwanza hakukiinua. Katika wa pili hakukiinua. Wimbo wa tatu ulikuwa na mahali, karibu na mwisho, ambapo sauti hupanda ghafla na kukaa huko juu kwa muda mrefu, peke yake, vyombo vyote vikiwa vimenyamaza. Msichana alipofika hapo, Meneja aliinua kitambaa kabla hajajua kwamba ameinua. Kuanzia siku hiyo msichana akaitwa Kengele.

Onyesho lilipokwisha walikunja viti pamoja. Kengele akamuuliza kama angekubali kuwa anakaa nyuma kila siku.

"Nitakaa."

"Na nikikosea utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Na siku sauti ikiisha, kaka?"

"Nitakuambia mimi, kabla mtu mwingine hajakuambia."

Hayo ndiyo makubaliano yao pekee, na hayakuandikwa popote. Kila kitu kingine ambacho Meneja alikuja kukijua alikijenga juu ya msingi huo. Alijifunza kuingia ukumbini saa mbili asubuhi, kupiga makofi mara moja katikati ya sakafu na kusikiliza jinsi ukuta unavyojibu. Alijifunza kwamba bango likibandikwa juu sana halisomwi na watu wafupi, na kwamba spika zikielekezwa mlangoni wanaofaidi ni walinzi. Alijua kumbi zenye mapaa ya mabati, ambazo mvua ikinyesha huwezi kufanya lolote ila kucheka. Lakini mbele ya yote hayo kilikuwapo kiti chake cha chuma, safu ya mwisho, na kitambaa mfukoni. Alisema mtu wa nyuma naye ametoka nyumbani kwake kuja kusikiliza.

Matatizo yalianza siku kumi kabla ya tamasha la kuadhimisha miaka ishirini na nne ya Kengele.

Walikuwa katika mazoezi, ukumbini, asubuhi. Wimbo ule ulifika mahali pake, vyombo vikanyamaza, Kengele akafumba macho na kufungua kinywa. Meneja alikuwa ameshika kitambaa tayari. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya Kengele, bila shaka, lakini ilikuwa imeketi. Haikuwa imekosea. Ilikuwa kama picha ya mtu unayemjua, iliyotundikwa chini kidogo kuliko ilivyokuwa jana. Akasubiri ipande. Haikupanda. Jukwaani wote walikuwa wakimtazama, kwa hiyo akainua kitambaa.

Kengele akashuka jukwaani akitabasamu. "Umeona? Siku hizi naimba bila kuchoka. Zamani pale mahali palinitoa machozi. Sasa napita kama napita sebuleni kwangu!"

"Nimeona," akasema Meneja.

"Bado ninayo, au sivyo?"

"Kitambaa si umekiona?"

"Nimekiona. Kimechelewa."

Meneja akakikunja kitambaa mara nne, akakirudisha mfukoni. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza katika miaka ishirini na nne, na jambo lililomsumbua ni kwamba hakuwa na hakika kama ni uongo. Kama sauti ya Kengele ilikuwa imeshuka, alipaswa kumwambia kabla ya watu elfu moja kumwambia. Kama masikio yake mwenyewe ndiyo yaliyoshuka, angemwambia mwimbaji mzima kwamba amekwisha, naye angemwamini, kwa sababu alikuwa hamwamini mtu mwingine.

Akamwendea fundi wa mitambo, ambaye alikuwa amekaa kando ya meza yake ya vitufe akila karanga.

"Fundi, unasikiaje huo wimbo wa mwisho?"

"Safi, Mzee."

"Safi vipi?"

"Safi tu, Mzee. Kama unataka niongeze ukali kidogo, naongeza." Akasogeza kitufe kimoja juu, upesi, kama mtu aliyezoea kukisogeza hicho hicho.

"Mbona umekimbilia hicho?"

"Si ndicho unachokitaka siku zote?"

Meneja hakukumbuka kukitaka siku zote. Akaenda nyumbani akiwa amechanganyikiwa zaidi.

Nyumbani alipanda juu ya stuli, akashusha sanduku la kaseti kutoka juu ya kabati, akatafuta kaseti ya mwaka wa pili wa Kengele. Akaitia katika redio ya zamani na kuketi mbele yake, mikono juu ya magoti. Wimbo ukafika mahali pake. Sauti ikapanda, ikapanda, ikakaa juu kabisa, nyembamba na yenye kung'aa. Meneja akafuta macho. Basi ilikuwa kweli. Kengele alikuwa ameshuka.

Mke wake akatokea jikoni na kisu mkononi. "Huyo nani anayelia kama paka?"

"Huyu ni Kengele! Miaka ishirini na mbili iliyopita. Sikiliza alivyokuwa."

"Hakuwa hivyo. Hiyo redio inakimbia tangu ilipoanguka kutoka dirishani. Hata mtu mzima akihutubia kwenye kaseti, humo anasikika kama mtoto wa chekechea."

"Inakimbia?"

"Inakimbia, baba watoto, kama inafukuzwa. Hukuwahi kusikia?"

Hakuwahi kusikia. Akairudisha kaseti nyuma, akaicheza tena. Sasa iliposemwa, alisikia kwamba ngoma zilikuwa na haraka. Au alidhani anasikia. Akaizima redio na kuitazama kama mtu anayemtazama shahidi aliyebadilisha maneno mahakamani.

Siku iliyofuata alikwenda kwa daktari wa masikio bila kumwambia mtu. Alifungiwa katika chumba kidogo chenye kuta za sponji, akavishwa vifaa vya masikioni, akapewa kitufe abonyeze kila anaposikia mlio. Meneja alitaka kufaulu. Alibonyeza kwa bidii. Baada ya dakika chache daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, akafungua mlango.

"Mzee wangu, hapo sijapiga kitu."

"Nimesikia mlio."

"Hakukuwa na mlio. Nilikuwa nabadilisha karatasi."

"Lakini nimeusikia, daktari."

"Ndiyo, inatokea. Tuanze upya, na usibonyeze kwa kunihurumia."

Mwishoni daktari alimwonyesha mstari uliochorwa, uliokwenda vizuri kama barabara ya lami, kisha ukateremka upande wa kulia. Milio ya juu, alieleza, ilikuwa imepungua, hasa sikio la kulia. Miaka mingi ya spika.

"Kwa hiyo mwimbaji akiimba juu, mimi nasikia chini?"

"Hapana. Utasikia hafifu, bila makali. Hutasikia chini. Wimbo hauwezi kushuka kwa sababu ya sikio lako."

"Lakini nimeusikia umeshuka."

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Na mlio wa karatasi je?"

Meneja alitoka na karatasi ya mstari ule ndani ya bahasha, na bahasha akaificha ndani ya sanduku la kaseti. Siku nane zikabaki, zikawa sita, zikawa tatu. Alibandika mabango, alikagua milango ya dharura, alizozana na mtu wa jenereta kuhusu waya, na mambo hayo yote aliyafanya sawasawa. Lakini mke wake aliniambia kwamba katika siku hizo alikuwa akigonga vijiko juu ya vikombe, kimoja baada ya kingine, kisha anamuuliza, "Kipi kiko juu?" Yeye alimjibu kila mara, na kila mara Meneja alimtazama kama anayesema ni rahisi kwako.

Siku moja kabla ya tamasha kulikuwa na mazoezi ya mwisho. Wanamuziki walikwenda kula. Meneja akabaki ukumbini, akapanda jukwaani kuhakikisha kwamba ubao uliolegea umepigwa misumari. Alipokuwa ameinama aliegemea kinanda cha umeme kwa mkono mmoja, na kidole chake kikagusa kitu laini. Ilikuwa plasta ya jeraha. Ilikuwa imebandikwa juu ya kidirisha kidogo ambapo kinanda huonyesha namba zake.

Alidhani kidirisha kimevunjika. Akaibandua. Kidirisha kilikuwa kizima. Kilionyesha alama ya kutoa na namba tatu.

Mpiga kinanda alirudi kwanza, mfuko wa chakula mkononi. Alipoona plasta kwenye kidole cha Meneja, alisimama pale pale mlangoni.

"Mzee, naweza kueleza."

"Eleza."

"Hicho kinanda, ukibonyeza pale, unapiga vilevile lakini sauti inatoka chini. Namba moja ni kushuka nusu hatua ya sauti. Mwaka juzi tuliweka moja. Alikuwa na mafua, Mzee, tukasema tumpumzishe. Akaimba vizuri, akafurahi. Halafu..."

"Halafu mafua yakapona."

"Yakapona, lakini furaha ile hatukutaka kuiondoa. Mwaka jana tukaweka mbili. Gitaa tukalegeza nyuzi. Tangu miezi minne hivi ni tatu."

"Yeye anajua?"

"Anadhani amekuwa bora." Mpiga kinanda akaweka mfuko chini. "Tulijua utasikia wewe. Kila siku tulisubiri useme. Ukainua kitambaa tu. Tukasema, basi Mzee amekubali. Au, samahani, Mzee, wengine walisema masikio yamechoka. Ndiyo maana fundi anaongeza ukali, ili ufikiwe kule nyuma. Watu wa mbele wanaziba masikio, lakini wanadhani ndiyo mtindo."

Meneja akakaa juu ya sanduku la spika. Masikio yake yalikuwa sawa, kwa maana aliusikia wimbo umeshuka na kweli ulikuwa umeshuka. Masikio yake yalikuwa mabovu, kwa maana wimbo ulishuka mara tatu na yeye aliisikia ya tatu tu, tena imechelewa miezi minne. Sauti ya Kengele ilikuwa imekwisha, au labda haikuwa imekwisha, kwa kuwa hakuna mtu aliyemruhusu ajaribu tangu yale mafua. Alijaribu kuyapanga mambo hayo mstari mmoja, kama viti, na kila alipofika mwisho wa safu alikuta kiti kimoja kimezidi.

Alimwambia siku ya tamasha, saa nane mchana, katika chumba cha kuvalia. Kengele alikuwa amekaa mbele ya kioo akishona kifungo cha gauni. Meneja alisimama mlangoni na kueleza yote kwa mpango, plasta, kinanda, nyuzi, kisha akatoa bahasha ya daktari na kuiweka juu ya meza, kati ya poda na sindano.

Kengele hakulia wala hakupiga kelele. Alikata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi naimba wimbo ambao si ule, na wewe unapunga kitambaa kwa wimbo ambao husikii."

"Ndivyo ilivyo, dada."

"Na hao wanamuziki wangu wananibeba kama mtoto mgonjwa." Akageuka. "Uliniahidi kwamba utaniambia kabla ya mtu mwingine."

"Nimekuambia leo."

"Umeniambia nini? Imeisha au haijaisha?"

"Hilo silijui."

"Miaka ishirini na nne, Meneja, na siku niliyokuhitaji ndiyo siku hujui!" Kisha akaanza kucheka, kicheko cha puani, mpaka kifungo kikamtoka mkononi na wote wawili wakapiga magoti kukitafuta chini ya meza. Walipoinuka, alikuwa ameamua. "Waambie warudishe sifuri. Na gitaa wakaze. Kama nitaanguka, nianguke na wimbo wangu."

Mke wa Meneja alikuja katika tamasha hilo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na moja. Alisema amekuja kwa sababu amechoka kuulizwa habari za vikombe. Akaketi safu ya mwisho, kando ya kiti cha chuma cha mume wake, mkoba wake juu ya mapaja.

Wimbo ule uliwekwa mwisho. Ukafika mahali pake. Vyombo vikanyamaza. Meneja aliona Kengele anafumba macho, anainua kidevu. Aliona mishipa ya shingo. Aliona kinywa kinafunguka na kukaa wazi kwa muda mrefu. Kisha watu wa mbele wakasimama na mikono juu, na kelele zao zikaja kama maji, na ndani ya maji hayo Meneja alitafuta sauti moja nyembamba, akageuza sikio la kushoto, akageuza la kulia. Alisikia kitu. Au alikumbuka kitu. Jukwaani wanamuziki wote walikuwa wanamtazama yeye. Fundi wa mitambo alikuwa amegeuka kwenye kiti chake. Mkono wa Meneja ulikuwa mfukoni, umekishika kitambaa, umekibana mpaka kikalowa.

Hakukitoa.

Kengele alimkuta ukumbini baada ya watu kuondoka, akikunja viti ingawa siku hizi ana wafanyakazi wa kazi hiyo. Alikuwa bado na jasho, viatu mkononi.

"Sikukiona kitambaa."

"Sikukitoa."

"Kwa sababu sikufika, au kwa sababu hukusikia?"

"Sijui, dada. Safari hii nimeona nisidanganye. Wewe mwenyewe ulisikiaje?"

"Mimi? Spika ya miguuni kwangu ilikuwa inanguruma. Kooni niliona kama nimefika. Lakini hata zile siku za namba tatu niliona hivyo hivyo."

Wakatazamana. Wanamuziki waliokuwa wakikunja nyaya walijitia hawasikilizi. Mpiga kinanda alipoulizwa, alisema ilikuwa safi, na Kengele akamwambia anyamaze, kwa kuwa neno hilo la safi lilikuwa limekwisha kuwapotezea miaka miwili.

Mke wa Meneja alikuwa bado ameketi safu ya mwisho, akitafuta miwani ndani ya mkoba. "Mnazozania nini?" akauliza bila kuinua uso. "Si alifika."

Wote wakageuka.

"Alifika wapi?" akauliza Meneja.

"Pale juu, pa zamani. Mwanzoni aliyumba kidogo, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo. Sauti imepauka, tusidanganyane, haing'ai kama ile ya siku za viti. Na haikukaa sana. Lakini alifika."

Kengele akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Akaweka viatu chini, kimoja kimoja.

"Una hakika, shemeji?"

"Nina hakika gani? Nina masikio. Huyu bwana hapa aliishi na redio inayokimbia miaka mingapi, nani alimwambia?"

Meneja alikitoa kitambaa mfukoni, kimekunjamana na kulowa, akamnyooshea mke wake. Yeye alikitazama, akafunga mkoba.

"Kwanza kifuliwe," akasema.

Tangu hapo safu ya mwisho ina viti viwili vya chuma wakati wa mazoezi. Kinanda kimewekwa moja. Kengele mwenyewe ndiye aliyechagua baada ya kujaribu sifuri, moja na mbili mbele ya watu wote, na plasta haikurudishwa. Meneja angali anashika kitambaa. Wimbo ukifika mahali pake utamwona akigeuza kichwa kidogo kushoto, amtazame mke wake, ambaye mara nyingi anashona au anamenya chungwa. Mke akitikisa kichwa kukubali, kitambaa kinapanda. Kengele hulalamika kwamba siku hizi kinachelewa kuliko zamani. Meneja humjibu kwamba kinatoka mbali.